Matawi kwenye Njia Panda

Jirani yangu ana baiskeli ya kubebea ndizi, na kila Jumamosi asubuhi huupaka mnyororo wake mafuta ya mawese, kwa sababu grisi ya dukani, anasema, inakamata vumbi. Simpendi kwa hilo. Si yeye, maskini, ni harufu. Mawese yakichanganyika na vumbi jekundu na chuma chenye joto hutoa harufu inayonitia hofu hata nikiwa nimesimama uani kwangu hapa mtaani Rwambuzi, Bunia, ufagio mkononi, na hakuna baya lolote linalotokea. Wiki tatu baada ya kumzika baba niliinusa tena, nikalazimika kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nasikia siku hizi kuna watu huko mbali wanaotafuta kwa udi na uvumba barabara za changarawe zisizo na gari hata moja, wapite na baiskeli katikati ya msitu na mabonde ya mito, kwa starehe tu, halafu warudi kwao. Siwacheki. Nilipokuwa na miaka minane nilibebwa kwa baiskeli kwenye barabara ya namna hiyo kwa miezi kadhaa, na nakiri kwamba ilikuwa tamu. Kilichonisumbua baadaye ni kujua kwamba ilikuwa tamu kwangu peke yangu.

Tulikuwa tumekimbia kutoka Bunia wakati wa vita, kama ninyi wa umri wangu mlivyokimbia, kila nyumba na upande wake. Sisi tulielekea upande wa Mambasa, kwa dada mkubwa wa mama, katika kijiji kilichojipanga kandokando ya barabara kuu, msitu ukianzia nyuma ya vyoo. Mama alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Wazazi wangu walitoka Butembo wakiwa vijana kuja kutafuta maisha Bunia, na baba alikuwa msaidizi wa dereva wa lori kwa miaka mingi, mpaka malori yaliposimama. Basi akawa mtu wa baiskeli. Alibeba mabidoni, yaani madumu, ya mawese kwenda vijiji vya mbele na kurudi na chumvi na sabuni, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa namsumbua mama kutwa, alinipakia juu ya mzigo.

Niliambiwa kwamba magari yamekosa mazuti, yaani dizeli. Mama ndiye aliyeamua niambiwe hivyo. Hakutaka mtoto wake alale na habari za vita kichwani, na baba alimtii. Kwa hiyo nilijua jambo moja tu: mazuti yamekwisha duniani, na barabara nzima, ambayo zamani ilikuwa ya malori na honi na vumbi la kukohoza, sasa ni yetu. Tulipopita lori lililoungua likabaki mbavu tupu, baba alisema injini ilipata joto kupita kiasi, nami nikamlaumu dereva moyoni kwa kusahau kutia maji.

Lo, barabara ile! Majani yalikuwa yameota katikati, laini, yakituchapa nyayo. Kwenye madimbwi yaliyochimbwa na matairi ya malori kulikuwa na viluwiluwi, na pembeni mwa maji vipepeo wa njano na weupe wametua kwa mamia. Tukipita wanainuka wote na kutugusa uso. Ndege wakubwa wenye midomo mizito walipovuka juu ya miti ulisikia mabawa yao kama mtu anayepepeta mchele. Kwenye miteremko ya kwenda mtoni baba alikandamiza kandambili yake kwenye tairi la mbele, maana breki zilikwisha siku nyingi, harufu ya mpira ikapanda pamoja na ile ya mawese, kisha ubaridi wa bonde ukatupokea miguuni. Nilipiga kelele kwa raha. Kila mara baba aliniambia nishushe sauti, nikadhani hataki tushtue wanyama.

Mengi niliyaelewa hivyo, kichwa chini miguu juu. Mara nyingine baba alisimama ghafla katikati ya msitu, mguu mmoja chini, kichwa kimeinama, akasikiliza. Nilidhani anasikiliza ndege, nami nikamtajia wote niliowasikia. Mara nyingine alinitoa juu ya mzigo akanikalisha mbele yake, kwenye bomba la baiskeli, katikati ya mikono yake, akakanyaga kwa nguvu bila kusema neno hadi tupite vijiji viwili. Nilidhani ananipendelea. Nilisikia moyo wake ukigonga mgongoni kwangu, nikafikiri ni kwa sababu ya mlima.

Kazi yangu ilikuwa matawi. Kila aliyesafiri njia zetu anajua: lori likiharibika, msaidizi wa dereva hukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani, mbele na nyuma ya gari, ili anayekuja apunguze mwendo. Gari likipona, matawi lazima yaondolewe kabla ya safari kuendelea. Baba alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa sala. Anayeacha matawi nyuma alimwita mtu asiyelelewa, kwa maana watu wakiyazoea watayapita bila kujali, na siku gari litakapokuwepo kweli, watalivaa. "Matawi bila gari ni uongo," aliniambia mara ya kwanza tulipoyakuta yamekauka njiani, yameachwa na lori lililoondoka zamani. Tulishuka tukayatupa porini pamoja. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Nilikuwa nayaona makavu hayo kutoka mbali, naruka chini kabla baiskeli haijasimama vizuri, nasafisha barabara, baba ananishukuru kwa Kifaransa, merci, madame, kama mtu mzima, nami napanda tena nimevimba kwa fahari.

Nisichojua ni kwamba baada ya magari kutoweka, watu wa baiskeli walikuwa wameyapa matawi kazi nyingine. Aliyetangulia akikuta mbele kuna hatari, alilaza matawi mabichi kukata barabara, na aliyefuata akiyaona anageuka au anashika njia ya pembeni. Hilo halikuwa jambo la kumwambia mtoto anayefikiri shida yote ni mazuti.

Mama alijifungua mtoto wa kiume. Alipofikisha kama wiki tano, ikasikika kwamba Bunia imetulia na kwamba upande wetu ndio unaoharibika. Wakubwa walinong'onezana jikoni siku mbili, kisha tukafunga mizigo. Baba alikuwa na kanuni kwamba baiskeli mbili za nyumba moja hazisafiri pamoja: ya kwanza inatangulia kusoma barabara, ya pili inakuja nyuma kwa saa nzima au zaidi. Kwa hiyo mimi na baba tulitangulia na mizigo, na mama na mtoto wakafuata kwenye baiskeli ya mjomba Kambale, mdogo wake mama. Kabla hatujaondoka niliwaona baba na mama nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amemshika shati, anamrudia jambo lile lile, na baba anaitikia kwa kichwa. Nilidhani ni mambo ya mizigo.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, tulifika njia panda. Barabara kuu ilishuka moja kwa moja hadi daraja la magogo. Kulia kulikuwa na kijia cha mchanga kinachozunguka hadi mahali watu wanapovushwa kwa mtumbwi. Mtu mmoja alitokea upande wa darajani, anakimbia, hana mzigo wala viatu. Baba alimfuata kando, wakaongea muda mfupi sana, na yule mtu akaendelea kukimbia. Baba akaniambia nitangulie kwenye kijia, nitembee tu, nisigeuke nyuma, atanikuta. Nikatembea. Aliponikuta alikuwa anahema na panga lilikuwa mkononi, lakini panga mkononi mwa mtu msituni si habari.

Mbele kidogo kijia kiliingia kwenye tope hadi magotini. Baba akaniketisha juu ya gogo na kuanza kuvusha mzigo kidogo kidogo, bidoni moja kwenda, mikono mitupu kurudi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kandambili yangu ya kushoto haipo. Nilijua nilikoiacha, hapakuwa mbali. Nikarudi mbio hadi njia panda, nikaiokota, na nilipoinua macho nikaona matawi matatu makubwa, mabichi, utomvu ukiwa bado unatiririka, yamelazwa kukata barabara kuu.

Hapakuwa na gari, mbele wala nyuma. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilifikiri lori limepita sasa hivi, limeharibika, likapona, likaondoka. Kwa hiyo mazuti yamepatikana! Nilimtukana kidogo msaidizi wake kwa kukosa adabu, kisha nikafanya kazi yangu. Matawi yalikuwa mazito. Niliyaburuta moja moja hadi porini, nikafagia na majani yaliyodondoka, kwa miguu, mpaka barabara ikawa safi. Niliporudi baba alikuwa ndani ya tope na bidoni begani, akaniambia nifunge mdomo nitembee. Basi habari njema nikaiweka moyoni.

Aliyetuvusha alikuwa mwanamke aliyeitwa Mama Anifa. Mumewe alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu, na mtumbwi ulibaki mikononi mwake. Ng'ambo ya pili alikuwa na kibanda na moto. Baba aliegemeza baiskeli, akanawa uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalegea. Akaniambia tutangoja hapo.

"Mama yako akifika pale njia inagawanyika, ataona matawi yangu," akasema. "Atafwata huku kwetu. Kule kwa daraja haiko muzuri."

Nakumbuka ndizi niliyokuwa nimepewa na Mama Anifa, ya kuchoma, moto bado. Niliishika tu. Sikuelewa yote, lakini nilielewa ya kutosha. Matawi yalikuwa yake. Kuna watu wanaosema mtoto hajui hofu ya kweli. Hao sijui walilelewa wapi. Niliogopa kuchapwa, hilo ndilo lilikuja kwanza, na mpaka leo naona haya kwamba lilikuja kwanza. Kisha nikamwona mama, kichwani mwangu, anashuka ule mteremko na mtoto kifuani, na barabara safi mbele yake, nilivyoisafisha mimi. Nikajiambia kwamba labda atageuka mwenyewe. Nikajiambia nitahesabu hadi mia, nikimaliza nitasema. Nilihesabu mara nyingi.

Kivuli cha kibanda kilikuwa kimeanza kurefuka. Baba alikwenda ukingoni, akarudi, akaenda tena.

"Papa," nikasema, "matawi niliyatupa."

Alinigeukia. "Ile ya njia panda?"

"Hakukuwa gari, Papa."

Aliketi chini kwenye mchanga, palepale alipokuwa amesimama. Hakunipiga. Ningetaka anipige. Alishika uso kwa mikono miwili, kisha akainuka, akanishika mabega, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Sikiliza, Masika. Kosa ni yangu, sikukuambia. Mama akifika, miye sijarudi bado, utasema papa alisahau kuweka matawi. Ni hivyo tu. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Alifungua mizigo yote akaitupa chini, Mama Anifa akamrudisha ng'ambo na baiskeli tupu. Kulikuwa na njia ya wavuvi iliyofuata ukingo wa mto hadi darajani, fupi kuliko kurudi njia panda, na baba alikwisha kupiga hesabu kwamba kwa saa ile mama alikuwa amepita njia panda zamani. Nilimwona akikanyaga kati ya matete, akainama, mpaka sikumwona tena.

Haikupita hata saa moja, mama akatokea. Si upande wa darajani. Alitokea kwenye kijia cha mchanga, amejaa tope hadi mapajani, mtoto kifuani, na mjomba Kambale nyuma yake akisukuma baiskeli. Tairi lilikuwa limepasuka mara mbili. Ndiyo maana walichelewa. Walipofika njia panda mjomba alitaka kwenda moja kwa moja, kwa kuwa hakukuwa na matawi, lakini mama aliona alama ya tairi la baba, lile lililofungwa kwa kipande cha mpira, imekata kulia kwenye mchanga. Walibishana hapo. Mama akashinda, kama kawaida yake.

Alipovuka aliangalia mizigo, akaniangalia mimi.

"Papa yako iko wapi?"

"Papa alisahau kuweka matawi," nikasema. "Amerudi kuwatafuta kwa daraja."

Mama alikaza kitambaa cha mtoto kifuani. "Alisahau?" akauliza. "Na miye nilimuambia mara mbili."

Jioni ile tulisikia milio ya bunduki kutoka upande wa daraja, na kwa mara ya kwanza sikufikiri habari za injini. Tulingoja siku nne kwa Mama Anifa. Mama alinyonyesha akiwa ametazama mto. Mimi nilikaa ukingoni tangu asubuhi, na kila matete yalipotikisika niliinuka, na kila mara ilikuwa upepo au ndege. Sikuweza kula. Mama Anifa alimwambia mama kwamba mtoto huyu anampenda sana baba yake, mama akasema ndiyo, na mimi nikatamani mto unichukue.

Siku ya nne baba alikuja kwa miguu. Wenye silaha walikuwa wamemkamata karibu na daraja, wakachukua baiskeli, wakambebesha mizigo yao msituni mpaka alipopata nafasi ya kutoroka. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, na halikupanda tena. Mama alilia, akamwosha, akamlisha, na alipoona kwamba ataishi, akamuuliza. Aliwezaje kusahau? Baba alinitazama mara moja tu, juu ya bega la mama. Kisha akasema ni kweli, alisahau, kichwa kilikuwa kimejaa mambo.

Tulifika Bunia kwa miguu. Baba hakuweza tena kubeba mzigo kwa baiskeli, wala hatukuwa nayo. Alifungua kibanda cha kuziba matairi hapa mtaani, akaziba matairi ya wengine hadi uzee. Na mama hakuacha. Akimtuma sokoni: asisahau chumvi kama alivyosahau matawi. Siku za njaa: kama asingesahau matawi, wangekuwa na kinga yao, yaani baiskeli. Mbele ya wageni alilisema kwa kucheka, na wageni walicheka, na baba pia alicheka. Tulipokuwa peke yetu halikuwa utani. Mdogo wangu alikua akijua kwamba baba yake alimsahau akiwa na wiki tano, na kuna miaka alimjibu baba kama mtu asiye wa nyumba ile. Kila mara nilikaa pale nimeinamisha kichwa kwenye sahani.

Nilipokuwa nimekwisha kuolewa nilimfuata kibandani nikamwambia nataka kumweleza mama. Alikuwa anapaka solusheni kwenye kiraka. Akasema, bila kuinua macho: "Weye ulikuwa mutoto, miye nilikuwa mukubwa. Acha ikae kwangu." Nikaacha. Nikubali pia kwamba nilipumua.

Na sasa amekufa. Baada ya ile harufu ya Jumamosi nilioga, nikavaa, nikaenda kwa mama. Wageni wa kutoa pole walikuwa wanaondoka. Mama alikuwa ametulia, hata ana tabasamu kidogo, na tulipobaki wawili alianza kunisimulia siku za mwisho za baba hospitalini, ambazo mimi nilikuwa safarini Ariwara kununua vitenge.

"Sikumuacha aende na uzito," akasema. "Nilimuambia, muzee, ile mambo ya matawi nimekusamehe. Yote. Nimetosheka."

Nilimuuliza baba alisema nini. Mama akasema alimshika mkono akamwambia aksanti.

Nilijaribu kunyamaza. Nimezoea kunyamaza, nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa na miaka minane. Lakini safari hii nilishindwa.

"Mama," nikasema, "Papa hakusahau. Aliweka matawi. Ni miye niliyatupa."

Nikamweleza yote, kandambili, utomvu, mazuti, neno nililoagizwa nimwambie. Nilipomaliza nilingoja anigeukie mimi, kwa hasira au kwa machozi, chochote. Hakunigeukia. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe mapajani, na alipofungua mdomo hakuwa anazungumza na mimi.

"Muzee," akasema polepole, "nakuambia nimekusamehe, na weye unanijibu aksanti."